Karipata kwa Mbegu Mbichi: Shajara ya Kitalu cha Uani, Tanga

Februari, wiki ya kwanza

Mradi huu una lengo dogo lililo wazi, nalo ni kupata miche ya karipata, yaani ule mti wa majani ya mchuzi, kutokana na mbegu zilizochumwa hapa hapa mjini Tanga, bila kuhamisha mche wala kichipukizi kutoka ua mmoja kwenda mwingine. Njia tuliyoizoea wengi wetu ni kumwomba jirani atung'olee kichipukizi kwenye mizizi ya mti wake, kwa kuwa mkaripata uliokomaa hutoa vichipukizi vingi kuzunguka shina, na kile kilichobahatika kutoka na mzizi hushika upesi. Njia hiyo ina urahisi wake na siibezi. Lakini karipata, ambayo wataalamu huiita Murraya koenigii na siku hizi pia Bergera koenigii, ni ya jamii moja na michungwa, milimau na midimu, na watu wa Tanga tuna sababu ya kuutazama ujamaa huo kwa makini kuliko wengine, maana Muheza ni jirani yetu na machungwa ndiyo riziki ya watu wengi huko.

Kuna kidudu mdogo mfyonza utomvu, Diaphorina citri, mwenye asili ya Asia, anayeeneza bakteria wa ugonjwa unaoyatia majani ya mchungwa mabaka ya manjano, ukayadumaza matunda yakabaki madogo, machungu na yenye kijani upande mmoja, kisha ukaumaliza mti taratibu bila ya kuwapo tiba. Afrika tulikuwa tayari na kidudu wetu wa kienyeji, Trioza erytreae, lakini huyo hapendi joto na makao yake hasa ni nyanda za juu. Huyu wa Asia anastahimili joto la pwani vizuri kabisa. Mwaka 2016 watafiti walitangaza kwamba ameonekana Tanzania, upande wa Morogoro, ikiwa ni mara ya kwanza kuripotiwa Afrika Mashariki.

Karipata ni miongoni mwa mimea ambayo kidudu huyo hupenda sana kutagia mayai, na kwa kuwa mti wenyewe haudhuriki kama unavyodhurika mchungwa, ni rahisi mno kumsafirisha bila kujua: mche unaonekana mzima, unafungwa kwenye mfuko, unapanda basi, na mayai yamo ndani ya machipukizi ya nchani. Mbegu iliyooshwa haina chipukizi wala jani la kutagiwa. Hiyo ndiyo sababu ya mimi kutaka mbegu, hata kama itaniongezea mwaka mzima wa kungoja.

Februari, wiki ya pili

Mti mama nimeupata katika ua wa bibi mmoja wa Ngamiani, mti wa miaka mingi, mrefu kupita paa la jiko, unaonyolewa majani karibu kila siku na bado una majani. Kabla ya kuchuma chochote nilipanda juu ya stuli na kukagua machipukizi machanga moja moja kwa kioo cha kukuzia. Dalili ninazozitafuta ni tatu: mayai ya rangi ya manjano iliyokolea yaliyojificha katika mikunjo ya jani ambalo bado halijafunguka, watoto wa kidudu, bapa, wanaotoa nyuzi nyeupe za nta, na kidudu mzima, wa milimita 3 hadi 4, anayetambulika kwa namna anavyokaa, kichwa kikiwa chini kwenye jani na makalio yakiwa yameinuliwa kama msumari uliopigwa upande. Sikuona hata moja kati ya hayo. Niliona vidukari wachache na buibui.

Matunda hutoka kwa vichala na hayaivi kwa pamoja, hivyo katika kichala kimoja utakuta ya kijani, ya wekundu wa zambarau na meusi. Bibi alikuwa na sharti moja tu: "Mwanangu, chuma yaliyoiva tii. Hayo mekundu niachie, tutagombania mimi na ndege." Sharti lake ndilo sharti la mradi pia, maana tunda lisiloiva huwa na mbegu ambayo bado haijakamilika. Tunda lililo tayari ni jeusi la kung'aa, lina ukubwa wa sentimita 1 hivi, na huachia kikonyo chake likiguswa tu. Ukilivuta likagoma, liache.

Kuosha kulifanyika jioni ile ile. Tunda hubonyezwa kati ya vidole, ngozi hupasuka, na nyama laini ya zambarau huteleza ikiacha mbegu moja, mara chache mbili, yenye ganda jembamba kama karatasi na rangi ya kijani inayopenya ndani ya ganda hilo. Nyama hiyo ni tamu kidogo na ina ukakasi wa mbali. Watoto wa mtaani huila wakatema mbegu, na vidole vyangu vilibaki na rangi hadi kesho yake. Ni lazima iondoke yote, kwa sababu inazuia mbegu kuota, inaalika kuvu, na inaita sisimizi. Nilizisugua mbegu ndani ya chujio la chai chini ya maji ya bomba mpaka utelezi ukaisha, kisha nikazimwaga kwenye bakuli la maji. Zilizoelea nilizitupa.

Jambo ambalo mwenye kuzoea mbegu za mchicha au nyanya huenda likamshangaza ni kwamba mbegu ya karipata haianikwi. Mbegu za mchicha hukauka zikalala, na zinaweza kulala hivyo kwa miaka. Ya karipata hailali. Ikitoka katika tunda iko hai na ina maji mengi ndani yake, na maji hayo yakipotea uhai hupotea nayo, jambo ambalo kwa kawaida hutimia katika muda wa wiki chache tu. Kwa hiyo hapana kuweka akiba ya mwakani, wala hapana maana ya kuitia kwenye bahasha.

Ili nisiwe nasema hayo kwa kusikia tu, nimezigawa mbegu katika makundi. Kundi la kwanza limesiwa usiku ule ule. La pili limefukiwa katika makumbi ya nazi yenye unyevu, ndani ya kopo lenye mfuniko uliotobolewa, likae kivulini wiki mbili kabla ya kusiwa. La tatu limeanikwa juu ya ungo kivulini mpaka mbegu zisinyae. La nne ni matunda mazima yaliyofukiwa na nyama yake. La tano ni pakiti niliyonunua kwa muuzaji mmoja wa mbegu, ambayo imeandikwa kwamba mbegu zimekaushwa kwa ubora wa hali ya juu, na maneno hayo peke yake yalitosha kunitia shaka.

Udongo wa viriba

Viriba nimechagua virefu, vya kina cha sentimita 20, kwa sababu mche wa karipata hutanguliza mzizi mkuu unaoshuka wima, na kiriba kifupi huupinda mapema. Mchanganyiko ni sehemu mbili za mboji iliyoiva, sehemu moja ya mchanga wa mtoni na sehemu moja ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa. Makumbi yetu ya pwani huwa na chumvi, hivyo niliyaloweka na kumwaga maji yake kwa siku kadhaa mfululizo kabla ya kuyachanganya. Mchanga wa ufukweni sikuugusa kwa sababu hiyo hiyo. Udongo wa uani kwangu nao nimeuacha nje ya hesabu, kwa kuwa nyumba imekaa juu ya mawe ya matumbawe na udongo wake una chokaa nyingi, nayo karipata, kama ndugu zake michungwa, hupenda udongo wenye uchachu kidogo.

Mbegu imelazwa kwa kina kisichozidi sentimita 1 na kufunikwa kwa makumbi. Viriba viko chini ya kivuli cha makuti yaliyosukwa kwa nafasi, na joto la mchana katika mwezi huu hupita nyuzi 30, jambo ambalo kwa mbegu hizi ni neema.

Machi

Kundi la kwanza lilianza kuonyesha dalili katika wiki ya pili. Nilifukua mbegu moja kwa makusudi ili nione mwenendo wake: mzizi mweupe, mnene kiasi, ulikuwa umeshapita urefu wa kidole gumba kabla hata ya chipukizi kuinua kichwa. Nusu mbili za mbegu hubaki pale pale juu ya udongo, zimegeuka kijani kibichi zaidi kwa kupata mwanga, na katikati yake ndipo kinapochomoza kikonyo chembamba chenye wekundu. Hazipandi juu kama zinavyopanda za maharage. Kwa hiyo mtu anayesubiri kuona majani mawili mapana yakiinuka atadhani mche wake una kasoro, kumbe hilo ndilo umbo lake la asili.

Kufikia mwisho wa mwezi karibu viriba vyote vya kundi la kwanza vilikuwa na mche. Kundi la pili lilifanya zaidi ya nilivyotarajia: nilipofungua kopo baada ya wiki mbili, mbegu nyingi zilikuwa zimeshaota ndani ya makumbi, mizizi imeshikana, nikalazimika kuzitenganisha kwa kijiti na kuzihamisha kwa uangalifu. Nazo zilishika vizuri. Maana yake kwa wenzangu ni kubwa: makumbi yenye unyevu yanaweza kuifikisha mbegu popote Tanzania kwa basi au kwa lori ikiwa hai, mradi isikae njiani mwezi mzima.

Kundi la nne, lile la matunda mazima, lilitoa miche michache iliyochelewa, na viriba vingine vilifumuka ukungu mweupe au vilichimbuliwa na sisimizi. La tatu halikutoa kitu. La tano, la pakiti, halikutoa kitu pia. Nilizipasua mbegu za makundi haya mawili kwa wembe, pamoja na mbegu mbichi ya kulinganishia: mbichi ilikuwa ya kijani ndani, yenye unyevu na harufu kali ya jani la mchuzi, zilizokauka zilikuwa za kahawia, ngumu, na harufu yake ilikuwa ya vumbi. Baada ya kuona hivyo sioni haja ya kulirudia jaribio hilo, wala sioni kwa nini mbegu kavu za karipata ziuzwe.

Aprili na Mei

Masika yalianza kwa nguvu. Adui wa kipindi hiki hakuwa mdudu bali kinyausi, ugonjwa wa kuvu unaokata shina la mche pale linapotoka udongoni, mche ukalala chini ukiwa bado na majani ya kijani. Uliishika miche iliyokuwa upande wa matone ya paa. Nilichofanya ni kuviinua viriba vyote juu ya mbao ili maji yasituame chini yake, kupanua nafasi kati ya kiriba na kiriba, kuondoa sehemu ya makuti ili hewa na jua vipite, na kuacha kabisa kumwagilia. Ugonjwa ulikoma kwa hatua hizo, bila dawa.

Miche iliyobaki ina majani ya kwanza, na hapa kuna jambo zuri la kulitazama. Jani la karipata iliyokomaa ni ubavu mmoja wenye vijani 11 hadi 21 vilivyopangana pande mbili. Jani la mche mchanga huanza na vijani vichache tu, na kila jani jipya linalofuata huongeza idadi. Harufu, hata hivyo, ilikuwapo tangu jani la kwanza. Ukilisugua kidogo kati ya vidole unajua mara moja kwamba huu si mche wa mwarobaini, ambao kwa mbali umbo lake hulandana nao.

Juni

Wameingia viwavi wa kipepeo wa michungwa, yule mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano. Nilikuwa nikimtarajia, kwa sababu popote penye ndimu uani yupo. Yai lake ni tufe dogo la manjano lililobandikwa peke yake juu ya jani changa. Kiwavi akiwa mdogo ana rangi ya kahawia na mabaka meupe, na hukaa juu ya jani wazi wazi bila ya kujificha, akiwa ameigiza kinyesi cha ndege kwa ustadi ambao unamfanya mtu ampite mara nyingi bila kumwona. Akikua hugeuka kijani chenye mistari. Nilipomgusa mmoja kwa ncha ya kijiti, alitoa nyuma ya kichwa pembe mbili laini za rangi ya chungwa, zenye maji maji, na harufu kali ikajaa mpaka usoni kwangu. Akatulia kidogo, akazirudisha ndani, akaendelea kula.

Kiwavi mmoja aliyekomaa anamaliza mche mzima usiku mmoja, kwa hiyo hapa hakuna mjadala wa uvumilivu. Hata hivyo sikunyunyizia dawa. Majani haya yanaliwa na watu, na miche iko michache kiasi kwamba macho na vidole vinatosha. Kila asubuhi navikagua viriba, nawaokota viwavi na kuwahamishia kwenye mdimu mkubwa wa nyuma ya nyumba, ambao hautapungukiwa na kitu kwa sababu yao. Miche iliyoliwa ikabaki kijiti imechipua tena pembeni, isipokuwa ile iliyoliwa mpaka kwenye shina laini.

Katika ukaguzi huo huo natazama pia dalili zile tatu za Februari. Mpaka sasa hakuna.

Julai na Agosti

Kusi limevuma, usiku una ubaridi, na miche imesimama. Mtu asiyeujua mti huu huanza kuujaza mbolea katika kipindi hiki kwa kudhani una njaa. Karipata ni mzito wa kukua katika mwaka wake wa kwanza hata mazingira yakiwa mazuri, na joto likishuka hupunguza zaidi. Niliacha mbolea na nikapunguza maji.

Hata hivyo baadhi ya majani mapya yalitoka ya manjano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, na hiyo si njaa ya samadi bali ni dalili ya upungufu wa madini ya chuma, ambao mara nyingi hutokana na udongo au maji yenye chokaa kuyafunga madini yaliyomo yasiweze kunyonywa na mizizi. Miezi ya mvua miche ilikunywa maji ya mvua. Tangu mvua zikatike nimekuwa nikitumia maji ya kisima, ambayo yakichemshwa huacha ukoko mweupe kwenye birika. Nimerudi kwenye maji ya mvua niliyoyahifadhi kwenye pipa, na nimeongeza mboji juu ya viriba. Bibi mwenye mti mama ana tiba yake, ambayo Wahindi wengi pia huitumia: mtindi uliozimuliwa kwa maji mengi, unamwagwa chini ya shina mara kwa mara. Uchachu wake una mantiki kiasi, lakini kwa maoni yangu faida kubwa ya tiba hiyo ni kwamba anayeitoa huutembelea mti wake na kuutazama. Niliijaribu kwa viriba vichache mbali na vingine. Tofauti na vile vya maji ya mvua peke yake sikuiona, na vyote vimepata majani ya kijani.

Oktoba na Novemba

Mvua za vuli zimeuamsha mradi. Miche yenye urefu wa kama shubiri imetoa machipukizi mapya yenye wekundu, na mizizi ilishaanza kuchungulia kwenye matundu ya kiriba. Nimeihamishia kwenye ndoo kuukuu za lita 20 zilizotobolewa chini. Kiriba huchanwa kwa wembe na kuondolewa bila kulitikisa bonge la udongo, kwani mzizi mkuu ukikatika mche hudumaa kwa muda mrefu.

Miche iliyozidi urefu wa mkono wa mtoto niliikata ncha, juu kidogo ya jani, ili itoe matawi mawili au zaidi badala ya kukimbilia juu kwa kijiti kimoja. Ncha hizo ndizo mavuno ya kwanza ya mradi. Zilikaangwa katika mafuta pamoja na mbegu za haradali na kitunguu saumu, zikatiwa kwenye dengu. Majani haya hutoa harufu yake yote yakiwa mabichi. Yakikauka hupoteza sehemu kubwa, na ndiyo maana nyumba yenye mti wake haina haja ya kununua yaliyofungwa dukani. Mavuno ya kweli nitayaahirisha mpaka miti ipite mwaka wake wa pili, na maua yatakapotokea mapema nitayaondoa ili nguvu iende kwenye majani, isipokuwa katika mti mmoja nitakaouacha uzae kwa ajili ya mbegu.

Jamaa mmoja kutoka Amani ameniomba miche ya kupanda shambani kwake, karibu na mpaka wa msitu. Nimemkatalia, na nimemweleza kwa nini. Kwanza ni sharti la mradi: michungwa ya Muheza iko njiani. Pili, ndege hupenda matunda haya na hueneza mbegu. Huko Queensland nchini Australia karipata imeshatoka bustanini na kuwa magugu. Amani penyewe, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902 na kuleta miti ya kila namna, inajua gharama ya mti mgeni uliozoea kupita kiasi: Maesopsis eminii ulioletwa huko umeenea ndani ya misitu ya Usambara Mashariki. Nimempa shauri la kuuweka mti mmoja kwenye ndoo karibu na jiko na kuuvuna kila mara, na kuondoa vichala kabla havijawa vyeusi.

Desemba

Miche yote iliyohamishwa iko hai. Kidudu wa Asia hajaonekana katika ua huu wala kwenye mti mama, ambao nimeukagua tena baada ya vuli, wakati machipukizi yako mengi na yeye angekuwa na pa kutagia. Kichala cha kwanza cha maua meupe kimeshafunguka juu ya mti wa bibi, hivyo matunda yatakuwa tayari mwanzoni mwa mwaka.

Majirani walioomba tumekubaliana hivi: hakuna mche utakaotoka katika ua huu. Kila mmoja atapewa mbegu zilizooshwa, ndani ya makumbi yenye unyevu, na atazisia ndani ya wiki hiyo hiyo. Wale wa Muheza watapewa mbegu hizo kwa sharti la ziada la kukagua machipukizi kila juma na kumwita bwana shamba wa kata yao mara waonapo nyuzi nyeupe za nta au kidudu aliyeinua makalio, iwe ni kwenye karipata au kwenye mchungwa.